Rojo la Karanga la Mng'arishaji Mkuu

Nchi ninayoisimulia iko mbali sana na kwenu. Ukiona waziri wake anafanana na waziri wako, hiyo ni ajali ya sura, na sura hatujichagulii. Jina la nchi nimeliacha makusudi. Nina shangazi kule, na bado anapenda kulala kitandani kwake.

Zamani nchi hiyo ilikuwa na vumbi kama nchi nyingine. Watoto walitambaa uani pamoja na kuku, wakagombea nao punje za mahindi, na mara nyingi kuku ndiye aliyeshindwa. Walilamba kuta. Walitafuna udongo. Wengine walinyonya mkia wa mbuzi, ikiwa mbuzi mwenyewe ni mtu wa kuelewa. Na walikuwa na mila moja waliyoipenda kuliko zote: kulambisha. Mtoto akianza tu kukaa kitako, bibi yake alichovya kidole katika rojo la karanga, akalamba kwanza yeye mbele ya watu wote ili waone kwamba halina hila, kisha akachovya tena na kumpa mtoto. Mtoto akilamba, vigelegele. Basi, keshakuwa mtu wa nchi. Cheti cha kuzaliwa kilikuja baadaye, kama kilikuja.

Kisha Rais akasafiri.

Alikwenda ng'ambo, akatua katika uwanja wa ndege wenye sakafu inayong'aa kiasi kwamba alipoinama kuokota kalamu aliona kidevu chake mwenyewe kwa chini. Hakuwahi kukiona kwa upande huo. Wasaidizi wake wanasema alikitazama mpaka ndege ya kuunganisha ikaondoka bila yeye. Aliporudi nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alijivika cheo cha Mng'arishaji Mkuu wa Taifa na kutangaza kampeni ya Taifa Bila Vumbi.

Nyua zote zikamwagiwa saruji. Mbuzi wakapewa notisi. Kuku wakahamishiwa mpakani, ambako inasemekana walipokelewa vizuri na nchi jirani. Mtoto wa kutambaa akalazimika kuvaa glavu za kutambaia, na akikutwa mikono mitupu, baba yake analala ndani. Uji wa mtama, dagaa, maziwa mgando na matembele vikawekwa katika kundi la Vyakula vya Aibu. Badala yake ikaja Lishe Ng'aa, unga mweupe wa pakiti kutoka kiwanda cha shemeji yake Rais, bwana ambaye kabla ya hapo hakuwahi kutengeneza kitu chochote zaidi ya ahadi.

Mila ya kulambisha haikusahauliwa. Waziri wa Usafi na Haiba ya Taifa, Mheshimiwa Ngwandumi, alisimama bungeni akakohoa kikohozi cha bajeti.

"Waheshimiwa, naomba tujiulize. Kidole cha bibi kimepita wapi?" (Makofi.) "Kimeshika kuni! Kimeshika kuku! Kimeshika pua!" (Makofi, na baadhi ya Waheshimiwa kuficha vidole.) "Na kidole hicho hicho ndicho tunachokiingiza kinywani mwa taifa la kesho!"

Sheria ikapita kabla hajaketi. Tangu hapo kulambisha kukawa kazi ya Serikali: uwanja wa michezo, kijiko cha chuma kilichochemshwa, Siku ya Taifa, mtoto akiwa na miaka saba na akili ya kushukuru. Kabla ya hapo mtoto asisogezewe karanga, wala yai, wala samaki, ili tumbo lake likae jipya kama kiti cha gari ambacho mwenyewe hajakitoa plastiki. Na asiyelambishwa hapati kadi ya uraia, na asiye na kadi hapati shule.

*

Katika mji mkuu aliishi mama mmoja aitwaye Siwema, fundi cherehani, aliyekuwa akishona hizo glavu za kutambaia. Siwema aliipenda kampeni kwa moyo wote. Mwanawe wa pekee, Tausi, alikua juu ya vigae, akinywa Lishe Ng'aa asubuhi, mchana na jioni, na alikuwa msafi kiasi kwamba mbu walimpita kwa heshima. Mama yake Siwema, Bibi Mwanakombo, aliruhusiwa kumbusu mjukuu wake siku za Jumapili, kupitia kitambaa.

Tausi alipokaribia miaka saba, mtoto wa jirani alimmegea kipande cha kashata ya karanga kupitia dirishani. Tausi akauma. Hata hajameza, midomo ikavimba kama imejazwa upepo, mabaka yakamtambaa shingoni, na kifua kikaanza kupiga filimbi. Siwema alimbeba akakimbia naye hospitali, kiatu kimoja mguuni na futi ya kupimia bado shingoni.

Daktari aliyekuwa zamu aliitwa Lusekelo, kijana mwembamba mwenye wasiwasi. Alimchoma Tausi sindano pajani, na filimbi ikaanza kupungua. Alipohakikisha mtoto anapumua, alifunga mlango, akafunga dirisha, akashusha pazia.

"Mama Tausi, mwanao ana ile."

"Ile ipi?"

"Ile ambayo haipo nchini."

"Daktari, sema nikusikie, mimi nimechanganyikiwa."

Lusekelo akainamia sikio lake. "Aleji. Mwili wake unaikataa karanga."

"Mwili wa Tausi? Mwili nilioulea kwa sabuni?"

"Hebu fikiria askari, mama. Umewaajiri wengi, umewapa virungu, halafu mtaani hakuna hata mwizi wa kuku, maana hata kuku hawapo. Watafanya nini? Watakamata wapita njia. Sasa karanga naye ni mgeni, hawajawahi kumwona, kaingia usiku hana kitambulisho. Wanampiga yeye na nyumba wanaibomoa. Sisemi ndiyo sababu pekee, wenzangu wa ng'ambo wanabishana mpaka leo. Lakini enzi za uani nilikuwa sipati mtoto wa hivi. Sasa wodi nzima."

"Na Serikali inajua?"

"Serikali imetuandikia tuiite Ukaidi wa Mwili. Dawa yake kwa mujibu wa mwongozo ni kukemewa."

"Mbona wewe umemchoma?"

"Hiyo sindano inaingia nchini kama dawa ya ng'ombe. Ng'ombe wameruhusiwa kuugua." Akafungua droo, akaifunga tena. "Nimebaki na moja tu. Sasa nisikilize vizuri. Akilamba karanga tena, hata kwa ncha ya ulimi, usitegemee kwamba atarudi kama alivyorudi leo."

Siwema akamtazama mwanawe, kisha akatazama kalenda ya ukutani, ambamo Mng'arishaji Mkuu alikuwa akitabasamu ameshika kijiko. Siku ya Taifa ilikuwa mwezi ujao.

*

Kwa kuwa ugonjwa haukuwepo, kulikuwa na kamati ya kuushughulikia. Iliitwa Kamati ya Ukaidi wa Mwili, na mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Ngwandumi mwenyewe. Siwema alivua viatu mlangoni, akapuliziwa dawa, akasimama kwenye kigae kilichoandikwa MWANANCHI.

"Mtoto wako ana ugomvi gani na karanga?" akauliza Mheshimiwa.

"Hana ugomvi, Mheshimiwa. Anavimba."

"Nani alimfundisha?"

"Hakufundishwa na mtu. Alionja kashata, akavimba mdomo, pumzi ikakata."

Mjumbe mmoja mnene akaomba nafasi. "Mwenyekiti, mimi nimekula karanga tangu utoto, na sijafa hata siku moja."

Wajumbe wakaliandika hilo kama utafiti.

"Lakini Mheshimiwa," Siwema akasema, "wewe ulilambishwa na bibi yako ungali mchanga, tena kwa kidole. Wangu amekaa miaka saba bila kuiona, kwa sababu ninyi mlisema—"

"Sisi tulisema nini?"

"Mlisema vizuri, Mheshimiwa."

"Endelea."

"Naomba tu mwanangu asilambe. Apigwe picha na kijiko, apeperushe bendera, aimbe hata beti zote za wimbo wa taifa, lakini asilambe."

Mjumbe mwingine, mama mwenye miwani mikubwa, akajaribu kusaidia: "Haiwezekani alambe, ila avimbe baadaye? Tuseme baada ya Mtukufu Rais kuondoka?"

"Hilo si juu yangu, mama yangu."

"Ni malezi tu," yule mama akasema kwa huzuni. "Wangu huwa nawaambia wasubiri, na wanasubiri."

Mheshimiwa Ngwandumi akagonga meza. Alieleza kwa kirefu kwamba mtaani kuna maneno ya chini chini kuhusu watoto wanaovimba, kwamba maneno hayo yana wenyewe, na kwamba njia ya kuyakomesha ni moja. Mtoto Tausi ataonyeshwa kwa taifa zima. Siku ya Taifa atakuwa wa kwanza kulambishwa, kwa mkono wa Mng'arishaji Mkuu mwenyewe, matangazo yakirushwa moja kwa moja.

"Hongera sana," akasema mjumbe mnene. "Wangu waliwekwa nafasi ya mia mbili."

Siwema aliingia akiomba mwanawe asilambe. Alitoka mwanawe akiwa wa kwanza kwenye foleni.

*

"Tutoroke," Siwema alisema nyumbani, akizunguka chumbani kama kuku aliyepotea.

"Mpakani wanadai kadi," akasema Daktari Lusekelo, aliyekuja kwa mlango wa nyuma. "Na kadi hana mpaka alambe."

Bibi Mwanakombo alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, akimtazama Tausi aliyelala. Hakuwa na kitambaa mdomoni, na siku hiyo hakuna aliyemkumbusha.

"Mama," Siwema akamuuliza, "mimi nililambishwa nikiwa na umri gani?"

"Wewe? Hata jino hukuwa nalo."

"Kwa nini mapema vile? Mlijua nini nyie?"

"Tujue nini, mwanangu? Ulikuwa unalia. Karanga inanata kaakaani, mtoto anahangaika nayo, mama anapata kupika. Usinipe akili nisiyokuwa nayo."

Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokosa la kufanya. Kisha wakapanga wanachoweza. Itifaki ilitaka mtoto wa kwanza apande jukwaani na mama yake na bibi mmoja, bibi aketi pembeni amevaa glavu, asiguse kitu, kwa ajili ya kuonyesha asili yetu. Bibi Mwanakombo angekuwa huyo. Daktari Lusekelo angejiandikisha huduma ya kwanza, akae chini ya ngazi ya jukwaa na ile sindano yake ya mwisho mfukoni.

"Na kama sindano moja haitoshi?" Siwema akauliza.

"Mimi nikiwa kule juu nitafanya kitu," akasema Bibi Mwanakombo.

"Kitu gani, mama?"

"Sijui bado. Hebu nipisheni nilale."

*

Siku ya Taifa uwanja ulisuguliwa mpaka Mkuu wa Majeshi akateleza alipokuwa akishuka garini, na kikosi kizima kikateleza nyuma yake kwa nidhamu. Kwenye kipaza sauti alikuwepo Bwana Shaweji wa Televisheni ya Taifa, mtangazaji ambaye katika maisha yake hakuwahi kuripoti habari mbaya, na hata misiba aliitangaza kama uhamisho.

"Ndugu wananchi, Mtukufu Mng'arishaji Mkuu sasa anapanda jukwaani! Anapanda ngazi ya kwanza! Anapanda ya pili! Hakuna ngazi inayomshinda!"

Bakuli kubwa la dhahabu lilikuwa mezani, limejaa rojo la karanga, jekundu kidogo, lenye harufu iliyofanya watu wazima uwanja mzima wameze mate kwa pamoja. Tausi alisimama mbele yake amevaa gauni jeupe, mkono wake mkononi mwa mama yake. Vidole vya Siwema vilikuwa baridi kama vigae. Rais akachota kijiko, akakiinua juu, kamera zikasogea.

Ndipo Bibi Mwanakombo aliposimama, akasogea kwenye kipaza sauti kilichowekwa kwa ajili ya Rais.

"Baba, samahani."

"Bibi, keti," akanong'ona Mheshimiwa Ngwandumi.

"Nitaketi, mwanangu, miguu yenyewe mibovu. Ila nauliza tu: mlambishaji si hulamba kwanza?"

Kisha mtu mmoja jukwaa la mashariki, mzee mwenye sauti kubwa, akapiga kelele: "Ndivyo ilivyo! Alambe!" Na kwa kuwa watu wazima wote pale walilambishwa na bibi zao, na kila bibi alilamba kwanza, uwanja mzima ukaitikia: "Alambe! Alambe!" Polisi wakaangaliana. Hakuna sheria inayokataza kumtaka Rais ale.

Mng'arishaji Mkuu alitabasamu. Alipenda kushangiliwa, na zaidi ya hapo alipenda kula. Miaka mingi alikuwa akiishi katika Ikulu ambayo hewa yake ilichujwa, akila vitu vya pakiti vilivyopikwa kwa mvuke, na karanga hajaitia mdomoni tangu aone kidevu chake. Akalamba kijiko. Macho yakamlegea. Akachota cha pili.

"Mtukufu anarudia!" akashangilia Bwana Shaweji. "Uzalendo ulioje!"

Siwema akamtazama mama yake. Bibi Mwanakombo alikuwa amerudi kitini, ametulia. Baadaye aliniapia kwamba hakukusudia lolote zaidi ya hili: aliwahi kumwona Rais harusini, na alijua akishaonja hatabakiza. Alitaka alimalize bakuli, basi, mjukuu wake akose.

Kijiko cha tano kiliishia njiani. Rais alijikuna shingo. Akajikuna tena, kwa mikono miwili.

"Mtukufu anaipungia shingo yake," akasema Bwana Shaweji, sauti ikianza kupepesuka. "Na sasa, ndugu wananchi, uso wa Mtukufu... unakua. Ndiyo, unaendelea kukua! Midomo pia haikubaki nyuma! Hii ni ishara ya... ya moyo wake mkubwa, ambao sasa umefika usoni!"

Macho ya Rais yakazibika. Walinzi wakaona mtu wasiyemfahamu amevaa suti ya Rais, wakamrukia wamkamate, na Mheshimiwa Ngwandumi akawazuia kwa kupiga magoti katikati. Kifua cha Mtukufu kikaanza kupiga filimbi, na kipaza sauti kikaipeleka filimbi hiyo nchi nzima.

"Mtukufu anatuimbia," akasema Bwana Shaweji, na kulia.

Daktari Lusekelo alikuwa ameshapanda jukwaani, sindano mkononi. Alisimama kati ya Rais aliyeanguka na mtoto ambaye bado hajalamba, akamtazama Siwema.

"Ni moja tu, Mama Tausi."

Siwema alitazama kijiko kilichoanguka sakafuni, karibu kabisa na kiatu cha mwanawe. Akakisukuma mbali kwa mguu.

"Mchome upesi," alisema. "Akifia mbele ya mwanangu, hakuna sindano itakayotusaidia."

*

Rais alipona. Kwa siku kadhaa uso ulikataa kurudi ulivyokuwa, na picha za maofisini zikabadilishwa ili zifanane naye. Mheshimiwa Ngwandumi, yule yule, alisimama bungeni na kikohozi kile kile, akatangaza kwamba aleji ipo, tena imeanzia juu kama maendeleo yote. (Makofi ya muda mrefu.)

Kufika jioni kila waziri alikuwa na aleji yake. Huyu hawezi kula kamba wa baharini, yule akinusa yai anaona giza. Mjumbe mnene wa kamati alidai karanga humkosesha raha tangu utotoni. Mng'arishaji Mkuu aliposikia kwamba wanamwiga, alikasirika akatoa amri moja fupi: ugonjwa huo ni wa Rais peke yake. Yeyote atakayevimba uso atakuwa ameghushi sura ya Mkuu wa Nchi, na yeyote atakayempa mtu kitu cha kumvimbisha atakuwa mshiriki wake. Na kwa kuwa Mtukufu hupenda kutembelea wananchi bila taarifa, kila shule na kila zahanati iwekewe sanduku jekundu lenye sindano ya Ikulu, isije karanga ikamkuta safarini.

Siwema alikwenda ofisi ya uraia akiwa na Tausi.

"Huyu amelambishwa?" akauliza karani.

"Hapana, baba."

"Akilamba anavimba?"

Siwema akamvuta Tausi karibu naye. Karani akainuka kwenye kiti, akaificha mfukoni pakiti yake ya njugu.

"Nakuuliza anavimba?"

"Anavimba."

"Sasa unamleta hapa ili mimi nifungwe? Chukueni kadi yenu mwende! Na mama, nakuomba, huyu mtoto mtazameni sana. Akifanana na Mtukufu, tumekwisha mtaa mzima."

Tausi alianza shule muhula huo huo. Mwalimu wake, Bi Ndimbo, alikuwa akikagua mikoba ya wanafunzi mlangoni kila asubuhi, akinusa mandazi moja moja, na wapishi walisugua masufuria wakitetemeka. Tausi alicheza, alianguka, alichafuka, akarudi nyumbani na kamasi. Siwema akamfutia kwa upindo wa khanga, akaacha kuhangaika.

Siku moja mpishi mgeni alikaanga vitumbua kwa mafuta yaliyokuwa yamekaangiwa karanga. Tausi aliuma kimoja. Bi Ndimbo aliona midomo, akasikia filimbi, hakungoja kuuliza mtu: alivunja sanduku jekundu kwa kisigino cha kiatu na kumchoma pajani pale pale, mbele ya darasa. Siwema alipofika mbio, mwanawe alikuwa ameketi kwenye benchi, analalamika kwamba kitumbua chake kimechukuliwa.

Ikabaki sindano ya Serikali iliyotumika, na kila sindano ya Ikulu lazima iandikiwe imetumika kwa nani. Mwalimu mkuu na Bi Ndimbo walijifungia ofisini mpaka jua likazama, kisha wakaandika taarifa kwa mujibu wa sheria: kwamba leo Mtukufu Mng'arishaji Mkuu alitembelea shule yetu bila taarifa, akaonja kitumbua, akapata shida kidogo, akahudumiwa, akaondoka akipumua vizuri.

Wiki iliyofuata Ikulu ikaishukuru shule kwa mapokezi.